Kaskazi ikivuma, wageni hutua Tudor

Tangu jadi watu wa pwani hawakuuhesabu mwaka kwa miezi pekee, bali kwa pepo. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ilijulikana kwamba majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yako njiani, na kwamba Bandari ya Kale ya Mombasa itajaa tende, mazulia, samaki wa chumvi na makelele ya mabaharia. Kusi ikishika, vyombo hivyo vilitweka matanga na kurudi kwao, na wenyeji wakabaki na mvua zao za masika. Siku hizi meli za makontena haziulizi upepo wavuma kutoka wapi, na kijana wa mjini akisikia neno kaskazi huenda akadhani ni swali la somo la jiografia.

Hata hivyo, msomaji, wako wasafiri ambao hawajaivunja kalenda ile hata mwaka mmoja. Hawana nahodha wala dira, hawalipi ushuru, wala hawaombi viza. Huja Mombasa msimu ukigeuka, na ukigeuka tena huondoka. Wasafiri hao ni ndege, na kwa miaka kadhaa sasa mimi na kijana wangu tumekuwa tukiwapokea na kuwasindikiza.

Kutoka kwenye kopo la mafuta

Mimi ni mkaazi wa Kibokoni, Mji wa Kale, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa watoto watatu. Sikuzaliwa na mapenzi ya ndege. Yaliingia nyumbani kwangu Septemba 2022 kupitia daftari la mwanangu wa mwisho, aliyekuwa gredi ya sita, alipopewa kazi ya kuandika majina ya ndege kumi wa Mombasa na kuwachora. Aliandika kunguru. Akaandika kuku. Akaandika njiwa, bata na kasuku, kisha akatia kalamu mdomoni. Nilipomuuliza huyo kasuku amemwona wapi, alinijibu bila haya kwamba amemwona kwenye kopo la mafuta ya kupikia.

Nilimchukua, yeye na daftari lake, hadi Kuze kwa Ami yangu, ndugu mdogo wa marehemu baba. Ami wakati huo alikuwa amepita miaka themanini. Ujanani alivua samaki na kusafiri kwa jahazi hadi Lamu na Pemba, kisha akafanya kazi bandarini mpaka alipostaafu. Macho yake yalikuwa yamekwisha. Aliona mwanga na vivuli tu. Lakini kila asubuhi alivaa kofia yake ya kiua, akaketi barazani na kuwatambua wapitao njia kwa mlio wa viatu vyao.

"Ndege kumi?" aliuliza. "Mwandikie thalathini."

Akaanza kuwataja bila kusita: sululu, kitwitwi, chamchanga, buabua, shakwe, kulasitara, yangeyange, mnandi, mdiria, keremkerem, furukombe, teleka, mbayuwayu, chozi, mnana, dudumizi, ninga, pugi. Mwanangu aliandika mpaka vidole vikamuuma. Walipofika majina thelathini na moja Ami alinyamaza, kisha akasema: "Lakini jina si ndege. Nendeni mkawaone, mje mnambie kama wangaliko."

Hiyo ndiyo amri iliyotutoa nyumbani.

Hifadhi isiyo na lango

Familia nyingi za Mombasa zikitaka kuwaonyesha watoto viumbe vya mwituni huwapeleka Haller Park kule Bamburi, mahali palipokuwa machimbo ya saruji hadi mtaalamu René Haller alipoanza kuyapanda mivinje mwaka 1971. Ni mahali pazuri na pa kujivunia. Lakini kisiwa chetu chenyewe kimezungukwa na hifadhi ambayo haina lango wala tikiti. Misitu yote ya mikoko nchini Kenya ilitangazwa kuwa misitu ya serikali tangu mwaka 1932, na hiyo ni pamoja na mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor, unaopita nyuma ya nyumba zetu. Wengi wetu tumezaliwa kando ya hifadhi na hatukuambiwa.

Utajiri wa hifadhi hii ni tope. Bahari ya Mombasa hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji makuu na maji madogo hukaribia mita nne. Ndiyo maana mahali ambapo mashua yaelea saa kumi jioni, siku hiyo hiyo saa nne asubuhi palikuwa uwanja wa matope. Ndani ya matope hayo mna kaa wadogo, konokono na minyoo ya bahari isiyo na idadi. Kwetu sisi ni harufu ya kuziba pua. Kwa ndege aliyeruka siku nyingi ni karamu iliyoandaliwa.

Nilinunua durubini ya mtumba Kongowea, nikaijaribu kwanza juu ya dari la nyumba yetu. Anayejua nyumba za Mji wa Kale zilivyobanana atajua kilichofuata. Bi mkubwa wa nyumba ya pili alitoka uani kwake, akaweka mikono kiunoni: "Mwalimu, watizama ndege, au watizama sufuria zangu?" Sikuwa na la kujitetea ila kumwomba apande juu ajionee. Alipanda, akishika ngazi kwa tabu, nikamwelekeza kwa teleka wanaozunguka kuta za Fort Jesus, wale weusi wadogo wenye kiuno cheupe ambao hula na kunywa wakiwa angani. Alishika durubini ile mpaka ikaadhiniwa. Tangu siku hiyo amekuwa wakili wangu mtaani.

Mahali pengine palihitaji wakili zaidi. Katika mji wa bandari, mwanamke wa buibui aliyesimama ufukweni na durubini ni jambo la kuulizwa. Askari mmoja kijana alinijia akataka kujua natazama meli gani. Nilimkabidhi durubini, nikamwonyesha kulasitara aliyekuwa akivua kwenye maji madogo. Ndege huyu huwa wa rangi mbili, mmoja mweupe pepe na mwenziwe wa kijivu cha moshi, na bado ni ndege wa namna moja. Nyayo zake za manjano huzitumia kuchokora maji ili samaki washtuke. Askari alicheka. "Kumbe anavua kwa miguu," akasema, na akarudi zake kazini.

Matlai na wageni wa kwanza

Wageni huanza kuwasili hata kabla upepo haujageuka barabara. Mwishoni mwa Julai au Agosti, chamchanga mmoja mmoja huonekana kwenye mawe yaliyo chini ya Fort Jesus. Septemba na Oktoba, matlai inapoingia kati ya kusi na kaskazi, huja makundi.

Kila tulipotoka Tudor tulipitia Kuze kutoa ripoti. Nikadhani Ami atauliza rangi. Hakuuliza rangi hata siku moja.

"Yuwatembea vipi?"

"Yuwatembea taratibu, Ami, kama mtu aliyepoteza sindano."

"Mdomo?"

"Mrefu."

"Umepinda juu au tini?"

"Tini."

"Huyo ni sululu. Alipopaa alipiga mbinja?"

Alipiga, na nilikuwa nimehesabu: mara saba mfululizo. Ami alitikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye alitueleza kwa nini rangi haina maana kwake. Aliye ndani ya mashua, jua likimpiga usoni na maji yakimeremeta, haoni rangi. Huona mwendo, huona umbo, husikia sauti. Usiku huisikia mbinja ya sululu gizani akajua kwamba mwamba umekaribia. Ndege kwake hakuwa pambo. Alikuwa alama ya njia.

Nikamweleza naye yale niliyoyasoma mimi. Kwamba sululu huyo hutaga mayai yake katika nchi za baridi kali kaskazini mwa Urusi. Kwamba vitwitwi wanaokimbia na kusimama, wakakimbia na kusimama, wengine wao huzaliwa katika majangwa ya Asia ya kati, hadi Mongolia. Kwamba wako chamchanga wenye mdomo uliojikunja kidogo wanaotoka Siberia, safari ya zaidi ya kilomita 8,000, na kila mmoja wao ana uzito wa gramu 60 hivi, yaani uzito wa yai la kuku. Ami alitafakari kwa muda mrefu. "Yai," akasema, "likavuka nchi zote hizo. Na sisi twaliponda kwa jiwe."

Alikuwa akisema kweli. Watoto wa mwambaoni hucheza na manati, na chamchanga kwao ni shabaha tu. Nilichokiona ni kwamba kuwakemea hakusaidii. Kijana mmoja niliyempa durubini badala ya kemeo aliniuliza ndege wale wamekula nini hata wafike hapa. Swali hilo lilitosha.

Kaskazi na malazi ya keremkerem

Mkitaka kuanza na ndege mmoja tu, anzeni na keremkerem mwekundu. Huzaa mbali na bahari, kwenye kingo za mito katika mbuga zinazoanzia Senegal hadi Ethiopia, kisha msimu wa kaskazi huja pwani. Mwili wake ni wa rangi ya waridi lililoiva, kichwa cha kijani cha bahari, na katikati ya mkia hutoka nyuzi mbili ndefu. Mchana hutawanyika kutafuta nyuki, panzi na kumbikumbi. Magharibi hukusanyika kwenda kulala mikokoni.

Januari 2023 tulisimama ufukweni Tudor, jua likizama upande wa Mikindani. Walipita juu yetu kumi, kisha ishirini, kisha wengi mno hata mwanangu akaacha kuhesabu. Walizunguka juu ya mikoko mara mbili tatu, wakashuka kwa pamoja, na mti uliokuwa wa kijani ukawa kama umechanua. Ami aliposimuliwa aliuliza: "Wangali walala pale pale?" Aliwajua tangu alipokuwa kijana wa kuvua kamba.

Mwaka uliofuata tulirudi. Sehemu ya mikoko ile ilikuwa visiki. Keremkerem walizunguka, wakashuka kidogo, wakapaa tena, na mwishowe wakaelekea ndani zaidi hadi tukawapoteza gizani.

Mkoko hukatwa kwa sababu unazijua wewe msomaji kama nizijuavyo mimi. Mwenye nyumba anataka boriti, mama anataka kuni, mpishi wa pombe haramu anataka moto usiozimika. Juu ya hayo huongezeka maji machafu ya mji na plastiki zinazonasa mizizini. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilileta matope mengi mno hata mikoko ikafa kwa kukosa pumzi, hasa kule Mwache. Mti huu hupumua kwa mizizi yake. Ukiufukia, umeukaba koo.

Lakini si habari mbaya tupu. Wale waliokuwa wakiingia kisiwani kwa barabara ya Makupa miaka ya nyuma wanalikumbuka jaa la Kibarani, moshi wake na makundi ya korongo na yangeyange wakipekua taka. Jaa hilo limefungwa na miti ikapandwa. Tena tuta la zamani la Makupa, lililokuwa limeuziba mkondo wa bahari tangu enzi za ukoloni, nafasi yake ilichukuliwa na daraja lililofunguliwa mwaka 2022, na maji yakapata tena njia ya kukizunguka kisiwa. Viko pia vikundi vya vijana na kina mama wanaopanda miche ya mikoko tope likiwafika magotini. Mche huchukua miaka mingi kuwa mti wa kulaza ndege. Kisiki huchukua dakika kumi.

Nilipomweleza Ami habari ya visiki hakukasirika. Alisema maneno ambayo nimeyaandika ndani ya jalada la daftari: "Mgeni hakosi pa kulala, mwanangu. Mwenyeji ndiye hukosa mgeni."

Masika, mnana na kunguru

Mwezi wa Aprili wageni hujipamba kwa safari. Chamchanga wa Siberia aliyekuwa wa kijivu tangu Septemba huvaa kifua chekundu cha matofali. Hula mchana kutwa mpaka ananenepa, kwa maana mafuta hayo ndiyo petroli yake. Kisha jioni moja, kwa kawaida mwisho wa mwezi, kundi hupaa likiita, likazunguka juu ya maji na kushika njia ya kaskazini. Ukirudi kesho yake tope ni lile lile, kaa ni wale wale, na kimya kinakushangaza.

Mei ndio mwezi wa mvua kubwa kabisa kisiwani. Huu ni msimu wa wenyeji. Dudumizi hulia vichakani kwa sauti kama ya maji yanayomwagika kutoka kwenye chupa, na wazee huamini kwamba anaita mvua. Mnana wa rangi ya dhahabu husuka viota vyao kwenye makuti ya minazi, dume akisuka na jike akikagua. Teleka wa minazi hana haja ya kusuka: huyagandisha mayai yake kwa mate chini ya kuti, na kuti likipepesuka, mayai hupepesuka nalo bila kuanguka. Mwambie mtoto habari hiyo, uone kama ataupita mnazi tena bila kuinua kichwa.

Lakini msimu huu ndio unaotutia katika ugomvi na kunguru. Kunguru huyu wa shingo ya kijivu si mwenyeji wa pwani yetu. Asili yake ni Bara Hindi. Alipelekwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asaidie kula taka za mji, na Mombasa aliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ami, aliyekuwa mtoto wa chuoni miaka hiyo, alikumbuka walipokuwa wachache wa kuonyeshana kwa kidole. Aliyekuwapo kabla ni kunguru mwenye fulana nyeupe, na huyo sasa katika mitaa ya kisiwa haonekani. Mgeni amemfukuza. Hula mayai na makinda ya mnana, hunyakua vifaranga uani, humwandama hata mwewe angani. Ana akili pia: ukimtupia jiwe leo, kesho ataijua sura yako.

Katikati ya mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo, kwa sumu iitwayo Starlicide. Mtaani kwetu wengi walishangilia, na bi mkubwa jirani yangu, ambaye vifaranga wake wanne walikuwa wameliwa, ndiye aliyeshangilia zaidi. Mwanangu akaniuliza swali gumu: "Mama, kama waliletwa na watu ili wale taka, kosa lao ni lipi?"

Nilimjibu hivi, nami bado nasimama pale pale. Kunguru hana kosa, ila ana madhara, na madhara hayo yanabebwa na ndege wasio na wa kuwasemea. Kwa hiyo sipingi wapunguzwe na wataalamu wanaojua wafanyalo. Lakini kunguru hakufikia wingi huu kwa ujanja wake peke yake. Tumemlisha sisi. Matumbo ya samaki yanayotupwa wazi sokoni, mapipa yasiyo na vifuniko, mabaki ya harusi yanayoachwa chochoroni usiku kucha, hayo ndiyo mayai ya kunguru. Ukimwekea sumu leo na kesho ukamwandalia karamu, utakuwa umefagia uwanja chini ya mti unaopukutika. Nyumba yetu na sita za jirani tumenunua ndoo za vifuniko. Si vita kubwa, lakini kichochoro chetu kina kunguru wachache kuliko cha pili yake, na mwaka huo mnana waliokuwa kwenye mnazi wa nyuma walikuza makinda.

Kusi na majina mawili

Kusi hufanya bahari iwe chafu na wavuvi wakae nchi kavu. Mtu atadhani hakuna cha kutazama. Kumbe hapo ndipo buabua wanapotaga kwenye visiwa vidogo vya mawe, kama vile Kisite kule kusini na visiwa vya Kiunga kule Lamu, mbali na paka na panya wa mjini. Na kwenye tope la Tudor, ukitazama vyema, utaona sululu na vitwitwi wachache waliobaki. Nilidhani ni wagonjwa. Nilipomweleza Ami mapema mwezi wa Juni 2024, alikuwa amelala kitandani, sauti imepungua.

"Si wagonjwa," akasema. "Ni watoto wa mwaka wa kwanza. Safari bado hawaiwezi. Mwakani watakwenda."

Nilipotafuta vitabuni nikakuta ni vivyo hivyo: wengi wa ndege hao waliozaliwa mwaka uliopita huupitisha msimu huu pwani kwetu, wakajikomaza, na kwenda kuzaa wakishakuwa wakubwa. Ami hakuwa amesoma kitabu hicho. Alikuwa amewaona tu, kusi baada ya kusi.

Alitutoka mwezi huo huo, upepo ukivuma kwa nguvu. Tulimzika alasiri, na kama ilivyo desturi watu walisema mengi mema juu yake: uaminifu wake bandarini, subira yake na upofu. Hakuna aliyetaja ndege.

Siku chache baadaye mwanangu alilifungua daftari. Majina thelathini na moja. Ishirini na tisa tulikuwa tumeyapatia ndege wake, kila jina na tarehe, mahali na mwendo. Mawili, kinega na kirumbizi, yalikuwa bado matupu. Alinitazama, nami nikamtazama, na tukafahamu sote kwamba yule aliyeweza kutuuliza "yuwatembea vipi?" hayupo. Kuna vitabu vizuri vya ndege wa Afrika Mashariki, na Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege zilizoandikwa na wataalamu. Lakini jina la Kiswahili ambalo mzee amelala nalo kaburini haliko katika faharasa ya kitabu hicho.

Nasema haya, msomaji, kwa sababu huko nyumbani kwako pengine yuko babu, ami au bibi anayejua. Si lazima awe mvuvi. Aliyechunga mbuzi Kaloleni anajua ndege wa malishoni, na aliyelima mpunga Tana anajua wale waliomla mpunga. Keti naye na daftari wiki hii. Usingoje likizo.

Namna ya kuanza

Kwa familia inayotaka kujaribu, gharama ni nauli tu. Uliza mvuvi yeyote siku ya bamvua, ufike ufukweni maji yakiwa yamekupwa na yanaanza kurudi. Hapo bahari yenyewe itakusogezea ndege hadi karibu. Simama jua likiwa mgongoni. Usiwakimbilie, kwani kila wanapopaa hupoteza mafuta waliyoyatafuta kwa siku nzima. Bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa mwaka 2019, ina mibuyu mikubwa ya kutazamia chozi na ninga, na kutoka pale mtoto huona buabua wakijitosa mlangoni mwa bandari. Durubini si lazima siku ya kwanza. Lazima ni daftari. Na kila Mei na Oktoba, Jumamosi ya pili, dunia huadhimisha siku ya ndege wahamao. Shule zenye vilabu vya mazingira zaweza kuitumia.

Septemba iliyofuata kifo cha Ami, chamchanga walirejea kama kawaida. Hatukuwa na mtu wa kumpelekea ripoti. Mwanangu, ambaye sasa amenipita urefu, alikwenda Kuze peke yake, akaketi kwenye baraza ile. Watoto wa mtaa walimzunguka kutaka kuona durubini. Nilipompitia baada ya saa moja nilimkuta amemkabili msichana mdogo aliyekuwa akijaribu kueleza ndege aliyemwona karibu na Bandari ya Kale.

"Alikuwa mweupe," alisema msichana.

"Rangi iwache," mwanangu akamwambia. "Yuwatembea vipi?"